HARVEY WILEY: MKEMIA ALIYEPIGANIA JINA LA KWELI LA CHAKULA

Utangulizi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hufundishwa kama onyo dhidi ya sifa, na mwanafunzi anapoulizwa maana yake katika mtihani humtaja mtu aliyelewa majivuno hata akaiharibu kazi yake mwenyewe. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, methali yenyewe imejengwa juu ya kisa cha sokoni. Kuna muuzaji, kuna mnunuzi, kuna kinywaji kiitwacho tembo, na kuna maji yaliyoingizwa humo bila ya mnywaji kuarifiwa. Mnywaji analipia tembo, anakunywa maji, na jina la kinachouzwa linabaki lile lile. Hapo ndipo taaluma ya lugha inapokutana na afya ya umma.

Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha ya mtu aliyepambana na mgema wa namna hiyo kwa karibu nusu karne. Mtu huyo ni Harvey Washington Wiley, mkemia wa Marekani aliyeishi kati ya mwaka 1844 na 1930. Huenda msomaji akajiuliza mkemia anatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba vita vyake, vikichunguzwa kwa makini, havikuhusu sumu peke yake. Vilihusu pia maana ya maneno. Asali ni nini? Wiski ni nini? Na jina likishaandikwa kwenye chupa, linamfunga nani?

Malezi na elimu

Wiley alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1844 katika nyumba ya magogo, kwenye shamba lililokuwa karibu na kijiji cha Kent, jimbo la Indiana. Baba yake, Preston Wiley, alikuwa mkulima na mhubiri aliyeuchukia utumwa waziwazi, na shamba lake lilikuwa mojawapo ya vituo vya ile njia ya siri iliyowavusha watumwa kutoka kusini kuelekea kwenye uhuru. Katika nyumba hiyo mtoto alijifunza mapema kwamba jambo laweza kuwa halali kwa sheria na bado likawa ovu. Fikra hiyo haikumwacha hadi kaburini.

Mwaka 1863 alijiunga na Chuo cha Hanover. Masomo yalikatizwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye mwaka 1864 akaingia katika jeshi la kaskazini kwa muda wa miezi michache. Alihitimu Hanover mwaka 1867 na kupata shahada ya udaktari wa tiba mjini Indianapolis mwaka 1871. Katika miaka hiyo aliwahi kujipatia riziki kwa kufundisha Kilatini na Kigiriki. Wanaisimu tuna haki ya kulikumbuka jambo hili, kwani mkemia huyu alianza kazi akiwa mwalimu wa lugha. Mwaka 1873 alipata shahada ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Harvard, na Chuo Kikuu cha Purdue kilipofungua milango yake mwaka 1874 akawa profesa wake wa kwanza wa kemia.

Mwaka 1878 alisafiri hadi Ujerumani. Mjini Berlin alihudhuria mihadhara ya mkemia mashuhuri August Wilhelm von Hofmann, na akafanya kazi katika maabara ya serikali iliyochunguza vyakula. Humo alijifunza kutumia chombo kinachoitambua sukari kwa jinsi inavyoupinda mwanga. Aliporejea Indiana alikuwa na ujuzi ambao Wamarekani wachache mno walikuwa nao wakati huo. Aliweza kuchukua chupa ya asali au ya sharubati na kueleza kwa hakika kilichomo ndani yake.

Si kwamba kila mtu alimpenda. Baraza la Purdue lilimkemea kwa kucheza besiboli na wanafunzi, na kwa kosa lililoonekana kubwa zaidi, yaani profesa mzima kupanda baiskeli hadharani. Aliandika barua ya kujiuzulu papo hapo, nalo baraza likakataa kuipokea. Baadaye uongozi wa chuo ulipokuwa wazi alipitwa, kwa hoja kwamba alikuwa kijana mno, mcheshi mno, tena kapera.

Asali isiyojua nyuki

Uchunguzi wake wa kwanza uliovuma ulihusu asali na sharubati zilizouzwa Indiana. Alibaini kwamba nyingi zilichanganywa na glukosi iliyotengenezwa kwa mahindi, ambayo ilikuwa rahisi sana kwa bei. Wiley hakudai kwamba glukosi ingemuua mtu. Hoja yake ilikuwa kwamba mnunuzi alitoa fedha za asali akapewa kitu kingine chenye jina la asali. Kwake yeye, huo ulikuwa wizi uliofanywa kwa kutumia neno.

Inafaa tuseme pia kwamba yeye mwenyewe aliteleza katika suala hilo hilo. Mwaka 1881 aliandika katika jarida moja la sayansi kwamba kulikuwa na watu waliotengeneza masega bandia kwa nta ya mafuta, wakayajaza glukosi na kuyauza kama masega halisi. Wafugaji wa nyuki walikuja juu wakataka ushahidi, na mmoja wao akatangaza zawadi ya fedha kwa yeyote ambaye angeuleta. Haukuletwa. Miaka kadhaa baadaye Wiley alieleza kwamba maneno yale yalikuwa mzaha tu. Wafugaji hawakucheka. Mtetezi wa ukweli alikuwa ameandika jambo asiloweza kulithibitisha, na madhara yake yakawaangukia watu waliouza asali safi. Mwandishi wa maisha ya mtu hana budi kuyataja hayo, la sivyo atakuwa naye anatia maji kwenye tembo.

Washington

Mwaka 1883 Wiley alihamia Washington kuwa mkemia mkuu wa Idara ya Kilimo ya Marekani. Kuanzia mwaka 1887 hadi 1902 ofisi yake ilichapisha ripoti kwa awamu, zote zikiwa sehemu za chapisho moja kuhusu vyakula na ughushi wake. Zilieleza mambo ya kutisha kwa lugha kavu ya maabara. Pilipili ilichanganywa na vifuu vya nazi vilivyosagwa. Kahawa ilikuwa na mizizi na nafaka zilizokaangwa hadi zikawa nyeusi. Maziwa yaliongezwa maji, kisha fomaldehaidi ili yasigande. Nyama na siagi zilihifadhiwa kwa boraksi. Mboga za mkebe zilitiwa salfeti ya shaba ili zibaki kijani kibichi.

Ni vyema tuelewe kiini cha hali hiyo. Wamarekani walikuwa wakihama mashambani kwenda mijini kwa wingi. Chakula kilichokuwa kikitoka kwa jirani sasa kilitoka kiwandani, maelfu ya maili kutoka alipo mlaji, na kilihitaji kudumu safarini. Zamani mnunuzi alimjua mgema wake kwa sura, akijua pia kisima chake kiko wapi. Sasa hakumjua, na kitu pekee kilichosimama kati yake na mtengenezaji kilikuwa lebo. Lebo nayo haikuwa na sheria ya taifa iliyoilazimisha kusema kweli. Kati ya mwaka 1879 na 1906 zaidi ya miswada 100 kuhusu vyakula na dawa ilifikishwa bungeni, na takriban yote ilikufa. Wenye viwanda walikuwa na sauti kubwa. Isitoshe, walikuwa na swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: nani amethibitisha kwamba kemikali hizi zinadhuru?

Meza ya vijana kumi na wawili

Wiley aliamua kulijibu swali hilo kwa njia ambayo leo isingepita katika kamati yoyote ya maadili ya utafiti. Mwaka 1902 bunge lilimpa dola 5,000, na mwezi Desemba mwaka huo akafungua chumba cha kulia katika orofa ya chini ya jengo la Ofisi ya Kemia. Vijana 12 wenye afya njema walijitolea. Waliahidi kutokula chochote nje ya meza ile, na wakatia saini kwamba hawangeidai serikali endapo wangedhurika. Chakula kilikuwa kizuri na cha bure, ila kilikuwa na kemikali ndani yake.

Walianza na boraksi. Kwanza ilitiwa katika siagi. Vijana wakaibaini, na pasipo kuambizana wakaanza kuikwepa siagi. Ikahamishiwa katika maziwa, nyama na kahawa, na kila mara ikagunduliwa. Hatimaye Wiley aliacha mchezo huo wa kujificha na akawapa boraksi katika kapsuli, waimeze pamoja na mlo. Baada ya boraksi zikafuata asidi ya salisiliki, asidi ya salfa, benzoeti ya sodiamu na fomaldehaidi, miongoni mwa nyingine. Walipimwa uzito, joto na mapigo ya moyo, na kila kilichotoka mwilini mwao kilikusanywa na kuchunguzwa. Wengi walipatwa na maumivu ya kichwa na ya tumbo, wakapoteza hamu ya chakula na uzito. Baadhi ya majaribio yalilazimika kukatishwa kabla ya muda uliopangwa.

Waandishi wa magazeti waliwabandika vijana hao jina la Kikosi cha Sumu. Wiley, aliyependelea istilahi kavu ya majaribio ya meza ya usafi, hakulipenda jina hilo mwanzoni. Ila jina likishashika mdomoni mwa watu halifutiki. Lilitungiwa nyimbo na vichekesho, na kwa njia hiyo jambo lililokuwa limefungiwa katika ripoti likawafikia watu wa kawaida. Hapa tunaona nguvu ya sitiari. Kurasa nyingi za takwimu hazikufanya kazi iliyofanywa na maneno mawili.

Wanasayansi wa baadaye wameyakosoa majaribio hayo. Hayakuwa na kundi tofauti la ulinganisho kama inavyotakiwa leo, vipimo vya kemikali mara nyingine vilikuwa vikubwa kuliko vile ambavyo mlaji wa kawaida angevipata, na waliomeza kapsuli walijua wanameza nini. Hizo ni kasoro za kweli. Juu ya hayo, majaribio yaliweka msingi ambao haukuwapo: kwamba usalama wa chakula ni jambo la kuchunguzwa na umma, wala si siri ya mwenye kiwanda.

Sheria ya mwaka 1906

Wiley hakuwa peke yake. Vyama vya wanawake nchini kote, vikiwa na wanaharakati kama Alice Lakey wa New Jersey, viliandika barua, vikaandaa maonyesho ya vyakula vilivyoghushiwa na kuwabana wabunge. Baadhi ya wenye viwanda pia walimuunga mkono. Kampuni ya H. J. Heinz, kwa mfano, ilionyesha kwamba sosi ya nyanya yaweza kutengenezwa bila ya benzoeti iwapo nyanya zenyewe ni nzuri na usafi unazingatiwa.

Kisha fasihi ikaingia ulingoni. Mapema mwaka 1906 Upton Sinclair alichapisha riwaya ya The Jungle, inayosimulia maisha ya wahamiaji katika machinjio ya Chicago. Dhamira ya mwandishi ilikuwa mateso ya wafanyakazi, lakini wasomaji walishtushwa zaidi na maelezo ya nyama waliyokuwa wakiila. Rais Theodore Roosevelt alituma wachunguzi, nao wakathibitisha uchafu mwingi ulioelezwa. Tarehe 30 Juni 1906 alitia saini sheria mbili kwa siku moja: ya ukaguzi wa nyama, na ya usafi wa vyakula na dawa. Ya pili wengi waliiita Sheria ya Wiley. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1907.

Ni muhimu kutoikuza sheria hiyo kuliko ilivyokuwa. Ilikataza kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo vyakula na dawa zilizoghushiwa au zenye lebo za uongo. Iliagiza kwamba dawa yenye kileo, afyuni, mofini, kokeini na vitu vingine vichache vilivyotajwa ioneshe hivyo kwenye lebo. Haikuwalazimisha watengenezaji wa vyakula kuorodhesha viambato vyote. Kwa maneno mengine, sheria ilisema kwamba ukinena usidanganye, bali haikusema kwamba ni lazima unene.

Majina mahakamani

Kuitekeleza sheria kulikuwa kugumu kuliko kuipitisha. Mwaka 1908, katika mkutano uliofanyika Ikulu, mbunge James Sherman alilalamika kwamba kampuni yake ingekatazwa kutia sakarini katika mahindi ya mkebe. Wiley alidakia bila ya kuulizwa, akasema kwamba kila aliyekula mahindi yale alidanganywa, kwani alidhani anakula sukari kumbe anakula zao la lami ya makaa ya mawe lenye madhara. Hakujua, au hakukumbuka, kwamba Roosevelt alipewa sakarini kila siku na daktari wake. Rais alikasirika. Mwaka huo huo aliteua bodi ya wanasayansi chini ya Ira Remsen, ambaye sakarini yenyewe iligunduliwa katika maabara yake mwaka 1879. Mwaka 1909 bodi ilitangaza kwamba benzoeti kwa kiasi kidogo haina madhara. Tangu siku ile mkutanoni, mamlaka ya Wiley yalianza kupungua.

Kesi ya wiski ilikuwa ya kifalsafa. Wiley alishikilia kwamba wiski ni kileo cha nafaka kilichokaa katika mapipa ya mbao hadi kikakomaa, na kwamba pombe tupu iliyotiwa rangi na ladha haistahili jina hilo. Wachanganyaji walidai kwamba neno lilikuwa limetumika kwa vyote viwili kwa miaka mingi. Mwezi Desemba 1909 Rais William Taft aliamua kwamba vyote ni wiski, mradi lebo ieleze ni ya aina gani. Mwanafunzi wa semantiki ataitambua hoja hiyo mara moja. Upande mmoja ulitafuta maana katika asili ya kitu, upande wa pili ukaitafuta katika matumizi ya wasemaji.

Kesi ya Coca-Cola ilitatanisha zaidi. Mwaka 1909 serikali ilikamata mapipa 40 makubwa na 20 madogo ya sharubati ya kinywaji hicho mjini Chattanooga. Ilidai kwamba kafeini iliyomo ni kiungo kilichoongezwa chenye madhara, na kwamba jina linaahidi koka na kola ambazo karibu hazimo. Kampuni ilijibu kwamba jina hilo ni la kipekee, na kwamba kafeini haiwezi kuitwa nyongeza kwa kuwa ni sehemu ya kinywaji tangu mwanzo. Kesi ilisikilizwa mwezi Machi 1911, na Wiley aliihudhuria wiki chache tu baada ya harusi yake. Hakimu aliipa kampuni ushindi. Mwaka 1916 Mahakama ya Juu Zaidi iliibatilisha hukumu hiyo na kusema kwamba kafeini ilikuwa nyongeza, na mwaka 1917 kesi ikamalizwa kwa maafikiano, kampuni ikipunguza kiasi cha kafeini.

Miaka ya mwisho

Harusi hiyo nayo ina habari yake. Wiley alimwoa Anna Kelton mwezi Februari 1911, akiwa na umri wa miaka 66, baada ya kumsubiri kwa zaidi ya mwongo mmoja. Bi. Anna alikuwa mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1917 alikamatwa kwa kuandamana nje ya Ikulu. Walijaliwa watoto wawili wa kiume.

Mwaka wa harusi ulikuwa pia mwaka wa dhiki. Wapinzani wake serikalini walimshtaki kwa jinsi alivyopanga malipo ya mtaalamu mmoja, wakapendekeza aondolewe. Taft alimsafisha, ila Wiley aliona kwamba ofisi yake ilikuwa imefungwa mikono. Alijiuzulu tarehe 15 Machi 1912 na kujiunga na jarida la Good Housekeeping, ambako aliongoza maabara ya kupima bidhaa na kuwaandikia akina mama wa nyumbani kwa takriban miaka 18. Mwaka 1929 alichapisha kitabu chenye uchungu mwingi kuhusu jinsi sheria ya vyakula ilivyohujumiwa na wale waliopewa kazi ya kuilinda. Alifariki tarehe 30 Juni 1930, miaka 24 kamili tangu sheria yake itiwe saini, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington.

Hitimisho

Je, Wiley alikuwa sahihi? Kuhusu kemikali moja moja, jibu ni la kuchanganyika. Boraksi hairuhusiwi katika vyakula vya Marekani, ilhali benzoeti na sakarini zinaruhusiwa kwa viwango maalumu. Kuhusu kanuni, historia ilimfuata. Mwaka 1937 dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kimiminiko chenye sumu iliwaua zaidi ya watu 100, baadhi yao watoto, na mwaka 1938 sheria mpya ikapitishwa, iliyotaka vyakula vingi vioneshe viambato vyake. Mwaka 1958 mzigo wa kuthibitisha usalama wa kiungo kipya ulihamishwa kutoka mabegani mwa serikali hadi kwa mtengenezaji. Lile swali la wenye viwanda, kwamba nani amethibitisha madhara, liligeuzwa na kurudishwa kwao: ninyi mmethibitisha usalama?

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, maisha haya yanaacha deni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kifungu cha 7 kinaifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja vinazaa kazi. Habari iliyoandikwa kwa istilahi ambayo mlaji haielewi bado haijamfikia. Nani atakayeunda istilahi nyepesi za vihifadhi, vikoleza utamu na rangi za vyakula, ili mama aliye dukani azisome na kuzielewa kabla ya kulipa? Mkemia anaweza kutueleza kilichomo ndani ya mkebe. Kukipa jina ambalo mlaji atalifahamu ni kazi ya watu wa lugha, na kazi hiyo ingali inatungoja.